Pointi Elfu Arobaini na Kiti cha Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Machi

Nimeduwaa tangu mchana. Shemeji, mume wa dada yangu, kumbe alisafiri kwa ndege! Yeye! Mtu anayevaa soksi zisizofanana! Karatasi ya uwanja wa ndege bado inaning'inia kwenye mkoba wake, na amerudi tangu wiki iliyopita. Nikauliza nauli kiasi gani. Bure, akasema. Nikamwomba arudie. Akarudia: ni pointi za kadi ya mkopo. Unanunua vitu, benki inakupa pointi, pointi zinageuka tiketi.

Mke wangu alikuwa anasikiliza. Dada yake amejifungua mapacha mwezi uliopita, na kwao ni siku mbili kwa basi. Aliitazama tu ile karatasi. Nikajikuta naahidi kwamba kabla Aprili haijaisha, mimi na yeye tutapanda ndege kwenda kuwaona hao mapacha. Ulimi hauna mfupa. Akauliza kama ni kweli. Nikasema kweli tupu.

Jumatano, 5 Machi

Benki. Dada wa dirishani mpole sana. Amesema kila ninaponunua napata pointi, na nikitumia kiasi fulani ndani ya siku thelathini wananiongezea pointi elfu ishirini za ukaribisho. Tiketi mbili ni pointi elfu arobaini. Kuanzia hapo sikusikia vizuri. Kulikuwa na habari ya ada ya mwaka, na kwamba nikilipa deni lote kwa wakati hakuna riba, nikilipa nusunusu riba inahamia kwangu na godoro lake. Alirudia mara mbili. Mimi nilikuwa nawaza nikae dirishani au mke wangu akae dirishani.

Kurasa tisa. Nimesaini zote.

Ijumaa, 7 Machi

Nina akili, lazima niseme. Fundi magari jirani yetu alikuwa anakwenda kununua matairi manne. Nikamwambia aniachie nilipe kwa kadi, yeye anipe pesa taslimu. Alinitazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe gizani. Lakini akakubali. Pointi zangu, pesa mfukoni! Nikapita dukani nikanunua sabuni ya miezi sita. Mke wangu ameuliza kama tunafungua dobi.

Jumanne, 11 Machi

Siku kubwa! Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kiti chetu kimezeeka. Kinashuka chenyewe. Leo mama mmoja alishuka nacho akiwa amefumbua mdomo, Daktari akabaki anang'oa hewa. Akaapa atanunua kipya. Nikamshauri nilipe malipo ya awali kwa kadi yangu, kwa urahisi tu, naye anirudishie taslimu. Akasema mimi ni mfanyakazi mwenye moyo wa kujitolea. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Saa kumi simu ililia. Pamoja na za ukaribisho: pointi elfu arobaini na sita! Nilicheza ndani ya chumba cha kuchemshia vyombo. Mgonjwa mwenye shavu lililovimba alichungulia, akaondoka bila kutibiwa.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji amekuja. Alijua vipi kwamba Daktari amenilipa jana? Anaomba nimkopeshe zile pesa kwa siku nne tu, ana kijishida kidogo. Nilikataa. Akasema atanifundisha namna ya kuhamishiwa viti vya mbele ya ndege, vile vyenye nafasi ya miguu. Nilimpa zote.

Alhamisi, 20 Machi

Mungu wangu!

Kiti kimefika. Hakiingii mlangoni. Vijana wanne walikiinamisha, wakakisimamisha, wakakilaza ubavu. Wapi! Daktari akauliza ni nani aliyepima mlango. Ni mimi. Kwa shubiri. Na mkono wangu ni mdogo.

Kiti kimerudishwa. Muuzaji hakuleta ubishi, amerudisha pesa kwenye kadi dakika ileile. Nikashukuru. Kisha simu ikalia: pointi zimechukuliwa! Za kiti, za ukaribisho, zote! Nimebaki na elfu mbili mia moja, yaani matairi na sabuni. Nilikaa chini palepale mapokezi, mgongo ukutani. Daktari akaja, nikadhani ananionea huruma. Alitaka pesa zake zilizo kwa Shemeji.

Jumamosi, 22 Machi

Simu ya Shemeji imezimwa. Nimeenda kwa dada yangu. Amelia. Kumbe nauli tu ndiyo ilikuwa bure! Hoteli, zawadi na mizunguko vyote viliingia kwenye kadi, na kila mwezi wanalipa kidogo huku riba inakula mlo kamili. Pesa za Daktari zimekwenda hukohuko. Nilimpa sabuni mbili.

Imebidi nitoe pesa kwa kadi kwenye mashine, nimlipe Daktari. Nikapita benki kuuliza nimepata pointi ngapi. Dada wa dirishani akasema hakuna hata moja, kutoa taslimu hakuna pointi, kuna ada, na riba inaanza kuhesabiwa papo hapo. Nikamuuliza hata kabla sijafika nyumbani?

"Hata kabla hujazihesabu, kaka," akasema. "Nilikwambia siku ile. Mara mbili."

Jumapili, 6 Aprili

Siku thelathini zimekwisha. Pointi elfu mbili mia moja hazikupandishi ndege, hata ngazi yake. Nimesoma orodha ya zawadi yote. Ninachoweza kupata ni begi dogo la safari. Nililichukua jana, nikalileta nyumbani nikiwa nimelikumbatia kifuani, na leo nimemweleza mke wangu yote. Matairi, kiti, Shemeji, riba. Nilisubiri radi.

Alilifungua begi, akajaribu zipu. Akasema ni zuri. Kisha akaanza kupanga nguo ndani yake. Nikamuuliza anafanya nini. Akatoa tiketi ya basi chini ya mto. Ameshona mapazia ya watu tangu mwezi wa pili, akiweka kidogo kidogo.

"Mume wangu, ndege nimeiona, iko juu," akasema. "Mapacha wanakua. Mimi naondoka kesho."

Tiketi ilikuwa moja. Nilitazama nyuma yake, labda zimegandana. Moja.

Jumanne, 8 Aprili

Nyumba kimya. Jana nilimbebea begi hadi kwenye basi, akaniagiza nisisahau kula. Jioni hii imefika picha: mapacha wawili mapajani mwake, mmoja analia, mwingine anamshangaa. Anacheka mpaka macho hayaonekani. Siku nyingi sijamwona akicheka hivyo. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Mshahara umeingia. Nimelipa robo ya deni.

Alhamisi, 10 Aprili

Daktari amenishauri niikate kadi. Nimeikata mbele yake kwa mkasi wa kukatia waya za meno. Akanishika mkono kama mtu mzima mwenzake. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya kabisa.

Saa tisa nimepigiwa simu na benki nyingine. Sauti nzuri. Wana kadi mpya: unahamishia kwao deni la kadi ya zamani, nao wanakupa pointi kwa deni lenyewe! Nikauliza na riba inahesabiwa humo? Inahesabiwa! Na ada? Na ada!

Kadiri deni linavyokuwa kubwa ndivyo pointi zinavyokuwa nyingi, na mimi juzi, kwa mikono yangu mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu, nimelipa robo nzima! Nimeitupa! Nimewaza kuwapigia benki ya kwanza niwaombe wanirudishie.