Sikio la Octavio

Jumatatu, 4 Machi
Octavio kaniacha, kahama nyumba yetu. Kachukua sufuria ya kupikia tamale, mikate yetu ya mahindi, na paka. Paka niliyemlisha mimi! Na kesho studio nitamsomea mistari kama kawaida. Ndiyo kazi yangu: nakaa kibandani, nasoma, yeye anasikia kwenye kidude cha sikioni na kurudia. Tamthilia ya marafiki wanne wanaopenda wanaume wenzao, Meksiko nzima inalia, na hakuna mwigizaji anayehifadhi neno!

Jumanne, 5 Machi
Nina mpango. Octavio hurudia chochote. Mwaka jana nilipiga chafya, naye akapiga, mbele ya kamera! Ijumaa, kwenye tamthilia, anamwomba msamaha mpenzi wake, anayeigizwa na Damián (meno mengi, akili haba). Nitachomeka maneno yangu. Atayasema, yatamchoma, atanikumbuka, atarudi. Nataka arudi. Sitaki kingine.

Jumatano, 6 Machi
Mwongozaji, Doña Refugio, kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasingizia jino. Damián akaniletea karafuu, eti pole, mzee wangu. Mzee! Nina arobaini na moja! Nikazitupa. Jioni jino likaanza kuuma kweli. Nikaziokota.

Ijumaa, 8 Machi
Sijala. Mama yake Octavio, Doña Eulalia, kaja studio kwa mara ya kwanza. Miaka sita nimekula jikoni kwake kuku wa mole, mchuzi mzito wa pilipili na chokoleti, na wageni wakija naitwa mpangaji wa mwanawe.

Kamera ikawaka. Nikasoma ya kwangu: “Nilikuacha kwa kumwogopa mama. Kahawa yako ilikuwa mbaya, nami niliinywa kila siku kwa kuwa umeipika wewe. Nifungulie mlango.” Octavio akarudia neno kwa neno, machozi yanamtoka. Machozi ya kweli, nayajua. Damián hakuwa na mstari wa kujibu, mjinga yule, basi akamkumbatia. Wakabaki hivyo. Doña Refugio akasema tukio hilo libaki hivyo hivyo, halikatwi.

Mara Doña Eulalia akakatiza mbele ya kamera, kamshika Damián mashavu, mbele ya mafundi wote: “Mwanangu, Jumapili uje kula. Ukae mezani, karibu yangu.” Mezani!

Kisha Octavio akaja kibandani. Nikasimama, nikatengeneza kola. Akauliza ni nani kaandika yale. Nikasema ni mimi. Akasema Mungu anibariki, tangu Krismasi alikuwa anatafuta namna ya kumwambia Damián kwamba anampenda. Akanipiga begani, akaenda zake. Nililia chooni, bomba likiwa wazi.

Jumapili, 10 Machi
Sasa hivi wanakula. Mimi nina mkate na chumvi. Wivu unaniuma kuliko jino, nakiri.

Lakini nimewaza asubuhi yote, na kosa nimeliona. Mpango ulikuwa mzuri, sikio ndilo halikufaa. Wiki ijayo, kwenye tamthilia, Octavio anamfumania Damián na mwingine, na Damián naye huvaa kidude. Nimeshaandika kurasa mbili za matusi ya kumsomea Damián amtupie Octavio. Safari hii lazima arudi.