Kukimbia Bila Kufukuzwa

Jumatatu, 9 Juni

Nimepimwa tension, yaani shinikizo la damu. Sikwenda kwa ajili ya tension, nilikwenda kwa ajili ya goti. Muuguzi Emérance akanifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akatazama. Akanifunga tena mkono wa pili. Mtu akikupima mara mbili bila kusema kitu, ujue mambo si mazuri.

Namba sitaiandika. Nikiiandika itakaa.

Akauliza kazi yangu. Nikasema ninauza mabati, misumari na rangi, ninakaa kwenye kiti nyuma ya meza. Na jioni? Ninakaa pia. Akauliza kama nina mawazo. Nikamjibu kwamba mtu wa Bunia asiye na mawazo hajazaliwa bado. Hakucheka.

"Papa Athanase," akasema, "moyo yako iko inakimbia na weye iko umekaa tu. Fanya sport. Tembea mpaka jasho itoke. Chumvi, punguza. Na ile mawazo usiikalie peke yako, ongea na watu."

Nirudi baada ya wiki mbili. Isiposhuka ataniandikia dawa, na dawa hiyo mtu hainywi akaacha.

Goti nililisahau palepale. Njia nzima mpaka nyumbani, mtaa wa Saio, niliusikiliza moyo. Ulikuwa unapiga. Sijui kama siku zote hupiga hivyo.

Sikumwambia mke wangu Faida.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata njia. Barabara ya kutoka Saio mpaka dukani ni mashimo matupu. Ukiwa juu ya moto, yaani pikipiki ya abiria, mwili mzima unatikisika, tumbo, mashavu, hata meno. Kutikisika ni sport. Nilimwomba motard, dereva wake, apite pale pabaya zaidi. Akaniuliza kama nimefiwa.

Tulikwepa lori la mbao kwa upana wa kiganja. Nilishuka nimelowa jasho. Muuguzi alitaka jasho, hakusema litoke wapi.

Lakini moyo ulikataa kutulia mpaka mchana. Nikala viazi vya kukaanga ili nipoe. Vilikuwa na chumvi. Nilikumbuka nilipomaliza.

Jumatano, 11 Juni

Faida amejua. Aliniona ninakula mkono mmoja ukiwa kifuani. Akaniuliza kuna nini humo. Nikasema hakuna. Akasema basi niondoe mkono. Nikashindwa.

Nilipomaliza kueleza hakulia, na hilo lilinitisha. Alivaa kandambili, akatoka, akarudi na Vahwere.

Vahwere ana duka linalotazamana na langu. Sote wawili tulitoka Butembo. Mabati yake kama yangu, bei yake kama yangu. Tofauti ni kwamba yeye ni mwembamba, na kila asubuhi anatembea mpaka upande wa uwanja wa ndege kabla ya kufungua. Faida akatangaza kwamba kesho tutakwenda pamoja. Vahwere akanishika bega kama mtu anayeshika jeneza.

Alhamisi, 12 Juni

Tumekwenda. Vahwere anatembea haraka na anaongea haraka. Habari zake zote ni za watu wa tension. Mjomba wake alianguka akicheka. Mfanyabiashara mmoja wa Mahagi alianguka akivaa soksi. Mwenye afya kabisa, alisema, soksi moja tayari, ya pili mkononi.

Tangu leo naogopa soksi.

Kwenye mlima nilisimama kupumua. Akanisubiri kwa upole mwingi. Akasema nikianguka nisiwe na wasiwasi juu ya wateja wangu, yeye hatawaacha wahangaike.

Nimeamua. Nitafanya mazoezi peke yangu, mchana, mbali na Saio. Kutembea ni kwa Vahwere. Mimi nitakimbia. Nimenunua fulana nyekundu ili magari yanione.

Ijumaa, 13 Juni

Ninaandika chumbani, mlango umefungwa.

Nilikwenda mtaa wa Nyakasanza. Nikaanza kukimbia karibu na soko, polepole. Ilikuwa vizuri. Nikaongeza. Mtu mnene kama mimi akikimbia, hakimbii kimya. Nilikuwa ninahema kama ng'ombe.

Mwanamke mmoja anayeuza nyanya akanitazama. Ni Mama Estelle, ninamjua, mabati ya nyumba yake aliyanunua kwangu. Alitoka Gety kwa miguu wakati wa vita, na beseni moja tu kichwani. Akauliza: "Wapiganaji wanatokea wapi?"

Nilitaka kusema hakuna kitu. Pumzi haikuniruhusu. Nikapunga mkono kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Yeye aliona mkono unaoelekeza upande wa nyuma yangu.

Akabeba beseni. Wa pembeni yake akabeba meza. Milango ya maduka ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, na sauti ile ya bati kila mtu wa hapa anaijua tumboni. Mtu akaita watoto wake kwa majina. Halafu soko lote likakimbia.

Hapa lazima niandike ukweli, maana hakuna atakayesoma. Nilipoona watu wanakimbia, nikaogopa. Nikasahau kwamba wanakimbia kwa sababu yangu. Nikajiambia: watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga, kuna jambo. Nikakimbia kwelikweli. Niliwapita vijana. Niliipita moto moja. Sikusikia goti wala moyo, nilisikia jina moja tu kichwani, la binti yangu Débora, niliyedhani bado yuko shuleni.

Débora nilimkuta nyumbani, anamenya mihogo. Nikamwingiza chini ya kitanda, nikamwita Faida, nikaingia mimi. Faida akaniuliza nimesikia risasi ngapi. Hapo nikakumbuka.

Sikusema. Tulikaa chini ya kitanda mpaka redio ikasema mji ni shwari.

Jumamosi, 14 Juni

Leo ilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Sikwenda. Nilisema nina homa.

Faida alirudi na habari. Mama Estelle alianguka kwenye mtaro akakunja mguu, nyanya zake zilikanyagwa zote. Na chef, yaani mkuu wa mtaa wa Nyakasanza, Bwana Rémy, ametangaza kwamba anatafutwa mtu wa fulana nyekundu aliyetia watu hofu. Wengine wanasema ni mpelelezi. Wengine wanasema alitumwa ili maduka yaibiwe.

Mpelelezi. Mimi ninaogopa hata panya wa dukani.

Niliuliza kama wamemwona uso. Faida akaniuliza kwa nini ninataka kujua. Nikasema ni homa inayouliza.

Jumapili, 15 Juni

Fulana imenikosesha usingizi. Kuichoma, moshi utaonekana. Kuitupa, mtu ataiokota na kuuliza. Kanisani nilipata wazo, wakati wa mahubiri juu ya ukarimu.

Nimempa Vahwere. Nikamwambia ni shukrani yangu kwa kunitembeza. Macho yake yalijaa machozi. Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi.

Jumanne, 17 Juni

Vahwere aliivaa jana asubuhi. Hakufika mbali. Vijana walimkamata, wakampeleka kwa chef na kelele nyingi. Niliona kutoka mlangoni pa duka langu. Nilijificha nyuma ya ndoo za rangi na kuomba Mungu, sijui kwa ajili ya nani.

Kumbe watu wa sokoni walipoitwa, walicheka. Mtu wao alikuwa mnene. Huyu, walisema, ukimkunja anaingia katika mfuko. Bwana Rémy akamuuliza Vahwere fulana aliitoa wapi. Vahwere hakutaka kunitaja. Alisema ni zawadi ya rafiki. Wakamwambia watamweka ndani mpaka rafiki apatikane. Bado hakunitaja.

Hayo alinieleza Faida, amesimama mbele yangu na mikono kiunoni. Akasema: "Papa Débora, ile mutu munene ni nani?"

Nikavaa viatu. Bila soksi. Nilikwenda kwa chef kwa miguu, polepole kabisa, mtu yeyote asije akanifuata. Nikasema ni mimi, nilikuwa ninafanya sport.

Bwana Rémy aliniangalia tumbo kwa muda mrefu. Akasema hajawahi kusikia uongo dhaifu kama huo, kwa hiyo lazima ni kweli. Vahwere akaachiwa. Mimi nimeamriwa kusema mbele ya watu wote kwenye salongo ya Jumamosi, kulekule Nyakasanza. Siku zote hizi za kungojea nitakufa kabla.

Jumamosi, 21 Juni

Sijafa.

Nilisimama mbele ya watu na koleo mkononi. Nilieleza yote, tension, sport, pumzi, mkono. Halafu mtu akacheka, na wengine wakafuata, lakini Mama Estelle hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mguu umefungwa kitambaa.

"Weye ulikimbia ju ya afya," akasema. "Siye tulikimbia ju ya kuishi. Sasa chimba."

Nikachimba mtaro uleule alioangukia. Yeye alikaa karibu akinisimamia. Nikachimba mpaka shati likanigandama. Sijui jinsi ilivyotokea, nikaanza kumweleza. Kwamba ninaogopa kufa. Kwamba nikisikia mlango umefungwa kwa nguvu ninatafuta kitanda cha kuingia chini yake. Kwamba sijawahi kumwambia mtu, maana mwanaume wa duka kubwa haogopi.

Akasema yeye huogopa kila siku. Hofu yake inakaa magotini, na kila jioni huwaita majirani waimbe na kutwanga, magoti yanapoa. Akaniuliza yangu inakaa wapi. Nikamwonyesha kifua. Akanionyesha sehemu ambayo sijachimba vizuri.

Nilimpelekea nyanya beseni zima. Nilikula bila kuongeza chumvi kwa sababu nililala kabla sijaitafuta.

Jumatatu, 23 Juni

Wiki iliyopita mimi na Vahwere tulitembea asubuhi mbili, yeye kimya, mimi ninaomba radhi. Mtaro nilirudi kuumalizia jana, baada ya ibada.

Leo Emérance amenipima. Mara moja tu. Akatabasamu. Imeshuka, si sana, lakini imeshuka. Akasema chochote nilichofanya, niendelee nacho.

Jumanne, 24 Juni

Nimefikiri sana nilichofanya. Koleo haliwezi kuwa dawa, vibarua nao hupata tension. Kutembea pia si kitu. Nimeona sasa: ilishuka tangu siku niliyosimama mbele ya watu wakanisikiliza. Dawa yangu ni uongozi.

Nimeanzisha club ya mazoezi ya mtaa. Inaitwa Moyo Salama. Rais ni mimi. Rais hakimbii, anasimamia. Vahwere angeweza kuutaka urais, kwa hiyo ninaanza kesho kabla hajaamka, alfajiri, giza likiwa bado.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kuwakusanya watu wakati wamelala. Nimenunua filimbi, ya chuma, ile inayosikika mpaka ng'ambo. Faida amesema katika mtaa wetu filimbi ya alfajiri ni ya kuita watu majambazi wakiingia. Ana woga mwingi, Faida. Nimemshauri apimwe.

Nitasimama katikati ya njia na kupuliza kwa nguvu zote. Watu wakitoka wote mbio, nitajua club imependwa.