Cherehani ya Jenifa na Kesi Yangu Dhidi ya Benki

Jumatatu, 6 Januari

Nimeporwa na benki! Mchana kweupe! Nilikuwa bafuni, povu limejaa machoni, nikasikia vishindo sebuleni. Kutoka, namkuta dalali na vijana wawili wenye misuli wameinua cherehani ya mke wangu Jenifa kama wanaotoa jeneza. Nikawakimbiza hadi barabarani na kanga kiunoni. Kanga ya Jenifa. Mtaa mzima wa Usagara umeniona. Dalali akanisomea karatasi: Hosea Daniel, mdaiwa sugu. Nikamwambia Hosea Daniel ni mimi, ila mkopo siujui. Akasema wote husema hivyohivyo. Benki hii ilininyima mkopo wa kufuga kware mara mbili! Leo inanidai nisichopewa!

Jenifa karudi, kakuta rundo la sare za watoto sakafuni, na shule zinafunguliwa wiki ijayo. Hakulia. Kaniuliza tu kama kuna kitu nimekopa kimyakimya. Tangu nilipoomba ule mkopo wa kware bila kumwambia, haniamini.

Jumanne, 7 Januari

Nimekwenda benki. Na ofisa mikopo ni nani? Wilfred! Wilfred wa besi, wa kwaya yetu, aliyenipokonya ubeti wangu siku ya Krismasi. Akabonyeza kompyuta, akakunja uso. Mdaiwa ni Hosea Daniel mwingine, fundi magodoro wa Makorora. Wamekosea nyumba.

Akasema, "Pole sana, kaka Hosea. Keshokutwa cherehani itakuwa nyumbani."

Pole! Mtu kaanikwa barabarani na kanga, anapewa pole! Nikamwambia tutaonana mahakamani. Foleni nzima ikageuka. Nilijisikia vizuri mno.

Jenifa kauliza benki imesemaje. Nikamwambia wale ni wakaidi. Si uongo hasa. Wilfred ana sura ya ukaidi.

Jumatano, 8 Januari

Jirani yetu Mutasim, mwenye duka la mabati, kanishauri nitafute wakili. Nimepita kwa mmoja. Ada yake ya kunisikiliza tu inatosha kununua cherehani nyingine. Basi, nitajisimamia mwenyewe. Nilikuwa karani wa mizani shamba la mkonge. Nimeshabishana na wazito kuliko Wilfred.

Nimefungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Nadai milioni tano: aibu, baridi, povu jichoni na heshima ya ukoo. Karani wa mahakama akauliza heshima ya ukoo nimeipimaje. Kaifuta. Kaifuta na Zaburi niliyoinukuu mwishoni. Kwenye mali iliyochukuliwa nimeandika "cherehani yangu". Ni kweli Jenifa aliinunua kwa pesa za mchezo wa kuchangishana wa kina mama kabla sijamwoa. Lakini mume na mke si mwili mmoja?

Hakimu kapanga Alhamisi ya wiki ijayo.

Alhamisi, 9 Januari

Hatari! Wilfred kapiga simu: cherehani iko njiani, imepakiwa kwenye guta la mizigo la magurudumu matatu. Sasa mdai aliyerudishiwa mali yake atalia nini mahakamani? Bahati yangu Jenifa alikuwa kaenda Ngamiani kununua zipu. Nikatoka mbio, nikalizuia guta kwenye kona. Nikamwambia dereva arudi alikotoka. Akasema kalipwa kufikisha, si kurudisha. Nikamlipa mimi. Kesi imeanza kunila. Lakini milioni tano!

Jumamosi, 11 Januari

Mazoezi ya kuhoji mashahidi. Jenifa akawa benki. Nikamkazia macho, nikamwuliza: je, mlibisha hodi? Akajibu bila kupepesa kwamba walibisha sana, ila mwenye nyumba alikuwa akiimba bafuni, tena kwa sauti iliyopotea njia.

Nikaahirisha shauri.

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Najla, binti wa Mutasim, kaenda na sketi ya mwaka jana, imepanda juu ya magoti, analia njia nzima. Baba yake hakuitikia salamu yangu. Wateja wengine wamehamia kwa Consolata, fundi wa mtaa wa pili. Jenifa naye yuko hukohuko, anakodi cherehani ya mpinzani wake Consolata akishaitumia. Karudi macho mekundu, vidole vimevimba. Kanisogezea uji bila sukari.

Nilikaribia kumwambia. Kweli nilikaribia. Kisha nikaifikiria cherehani ya umeme nitakayomnunulia tukishinda, na uso wake siku hiyo. Nikanywa uji.

Alhamisi, 16 Januari

Siku ya siku! Laiti nisingeamka.

Nilianza vizuri. Nikaeleza povu, kanga, jeneza. Mshauri mmoja wa mahakama, mama mtu mzima, akajiziba mdomo na mtandio. Nikadhani ni huruma.

Nikamwita shahidi wangu, Jenifa. Nikamwuliza anaitambuaje cherehani yangu. Akasema ya kwangu haijui. Anaijua ya kwake.

Hakimu akaacha kuandika. "Aliinunua nani?"

"Mimi, Mheshimiwa. Huyu alikuwa bado hajanioa."

Hakimu akanigeukia. "Sasa mzee, wewe unadai nini hapa?"

Nikasema sisi ni mwili mmoja. Akasema mwili sawa, lakini cherehani ni ya mama.

Ndipo Wilfred akasimama, mpole kama yuko altareni. Akasema benki ilikiri kosa siku ya pili tu, ikaipeleka cherehani, mdai akaigeuzia njiani kwa nauli yake mwenyewe. Dereva wa guta akaletwa. Akasema ni kweli, na mzee alimsihi asipige kengele.

Nikaitazama feni. Sikumtazama Jenifa. Nilimsikia.

"Hosea. Nimezunguka kwa Consolata kama ombaomba. Na wewe ulikuwa unajua?"

Nikamwambia hakimu napinga swali hilo, kazi ya shahidi si kuuliza. Hakimu akasema pingamizi limekataliwa, hata yeye anasubiri jibu.

Nikazipanga upya karatasi zangu.

Jina la mdai likabadilishwa palepale, akawekwa Jenifa. Benki imrudishie cherehani leo, imlipe kazi aliyoikosa mpaka siku guta lilipokuja. Hasara ya baada ya hapo, akasema hakimu, mama amdai yule aliyeligeuza guta. Mahakama nzima ikanitazama. Yule mama wa mtandio alicheka waziwazi.

Jenifa kaondoka na cherehani yake kwenye gari la benki, kakaa mbele na Wilfred. Waliniambia nafasi imejaa. Nilikiona kiti. Kilikuwa kitupu!

Ijumaa, 17 Januari

Nimelala kwenye kochi. Cherehani inalia tangu alfajiri. Nimempelekea chai. Hakuinua kichwa. Baadaye akasema pesa angevumilia kuzikosa, hata wateja angevumilia. Asichovumilia ni kulala kitanda kimoja na mtu anayemwona anateseka huku dawa anayo mfukoni. Hilo limenichoma. Nimemwomba radhi, bila Mheshimiwa, bila vifungu. Nimeosha vyombo. Nimepiga pasi sketi ya Najla na kuipeleka mwenyewe. Mutasim kaipokea kupitia dirisha la duka, mkono tu, uso hakutoa.

Jumapili, 19 Januari

Jenifa kanisamehe! Kasema ni kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili yangu, lakini msamaha ni msamaha. Keshokutwa anapanda basi kwenda Lushoto kumwona mama yake. Atakaa wiki.

Wakati wa mahubiri nilitafakari sana makosa yangu. Nimeliona. Lilikuwa moja tu: nilidai kwa jina langu. Sasa mdai ni Jenifa, na hakimu hakuigusa aibu hata kidogo, na muda wa rufaa bado upo. Mke kuaibishiwa mume barabarani, tena na kanga yake mwenyewe! Hiyo ni milioni kumi!

Ila rufaa ya mtu ambaye cherehani yake iko nyumbani inang'aa haina nguvu. Mahakama lazima ione pengo. Nina binamu kule Kigombe mwenye stoo kubwa, kavu, haina panya. Nimeshampigia simu. Anakuja na gari Jumanne mchana.

Jenifa akirudi hataamini macho yake.