Uzinduzi wa Mbio za Baiskeli, Kitengela hadi Namanga na Kurudi

Waheshimiwa madiwani, wachungaji, wazee wa boma, akina mama wa vikundi, stakeholders wote na nyinyi mliosimama juani, sopa! (Umati: Ipa!) Mimi Maweu, mwenyekiti wa kamati andalizi, kamati tekelezi na ile kamati ndogo ya chai, ninayo furaha isiyo na kifani, mwaka huu wa 2004, kuzindua mbio za usiku na mchana ambamo mshindani hafuatwi na gari wala hasaidiwi na mtu, kwani tulifanya feasibility study, tukaikalia workshop Naivasha, na asilimia tisini na saba ya waliohojiwa walikiri kwamba Namanga ni mbali. (Makofi.)

Tazameni hii baiskeli. Kamati yangu, ndani ya framework ya kisasa, imefunga jerikeni ya maji katikati ya fremu ili uzito ukae chini, ikakaza blanketi na mkate kwenye kariya ya nyuma kwa blada za mpira, ikaongeza tochi kwa sababu dinamo huzima ukisimama, na chini ya kiti ikaweka tyubu za akiba, maana miiba ya Bisil haiheshimu mwanamichezo. (Kuntai, mfugaji wa Bisil, kutoka mstari wa mbele: "Mzee, hiyo ni yangu. Nimeifunga mimi mwenyewe.") Ni yako, ndugu yangu, lakini maono ni ya kamati. (Kicheko.)

(Kuntai: "Sawa. Sasa tunaanza saa ngapi? Mama yangu amekaa kando ya barabara huko Bisil na kibuyu cha maziwa, anataka kuniona nikipita.") Hapo nasikitika, kwa sababu maziwa ya mama ni msaada kutoka nje, na kanuni, ambazo zikiandikwa zitakuwa kali sana, haziruhusu. (Minong'ono. Mama mmoja: "Mwache mtoto anywe.")

Kwa hivyo tuseme pamoja: Kujitegemea! (Umati: Mbele!) Kanyaga! (Umati: Usichoke!)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili watakaopatikana, na washindani wengine watakaojiandikisha tarehe ya mbio ikishapangwa. Zaidi namshukuru Kuntai, ambaye baiskeli yake imeshapakiwa kwenye Land Rover yangu, kwani ndiyo pekee tuliyo nayo na kesho tunaizindulia mbio nyingine kule Ewuaso Kedong. Kuntai, ukishafika nyumbani kwa miguu, mwambie mama mbio zilifana.