Kuhusu Pedali Uliyoiponya Bila Ruhusa ya Mjane

Chumba cha cherehani,
Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya duka la matairi.
Jumatano, asubuhi.

Kwa Fundi wa Redio na Spika,
Ghorofa ya pili, mlango usio na kitasa.

Ndugu Fundi,

YAH: KULALAMIKIA KAZI NZURI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa kitako, kwa sababu nina neno zito, na sipendi kumwambia mtu neno zito akiwa ameshika chuma cha moto.

Mimi ni mjane wa yule mpiga gitaa wa bendi aliyeitwa Kisigino. Wapiga gitaa wapo wengi, lakini aliyekanyaga pedali kwa kisigino badala ya vidole alikuwa mmoja, na alikuwa wangu kwa miaka ishirini na sita. Alifariki miezi kumi na moja iliyopita, kwa ugonjwa wa siku nne. Wiki iliyopita shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ni kinyozi na sasa ndiye anayeshika gitaa kwenye bendi, alikuletea pedali yake. Nasema pedali ya gitaa, si ya baiskeli: lile boksi dogo la kukanyaga linalofanya sauti ya gitaa ikwaruze kama mtu aliyeamka na mafua. Alikuletea likiwa limevunjika. Umelirudisha likiwa zima. Hilo ndilo lalamiko langu, na sasa naomba nilieleze kwa mpangilio.

1. Sikuulizwa. Shemeji aliichukua pedali juu ya kabati nilipokwenda sokoni kununua uzi, akaacha karatasi iliyoandikwa "Usijali." Ndugu Fundi, katika maisha yangu kila nilipoambiwa nisijali, palikuwa na jambo la kujali. Daktari naye alisema hivyo hivyo.

2. Boksi. Lile la zamani lilipata ufa Jumamosi moja, miaka saba iliyopita, mume wangu alipojikwaa kwenye waya wa gitaa katikati ya harusi ya watu. Waya ukachanika, pedali ikaruka kutoka jukwaani ikatua karibu na keki, na yeye akaendelea kuyumba kana kwamba ndio mtindo. Nyumbani tuligawana majeruhi. Yeye alichukua boksi, akalifunga kwa lastiki ya sketi ya shule niliyomkatia. Mimi nilichukua waya, nikauunga, nikauvika kitambaa cha maua kilichobaki kwenye gauni la jirani, nikaushona kwa mkono, mishono midogo midogo, ukawa imara kuliko ulivyotoka kiwandani. Sasa wewe umehamishia matumbo ya pedali kwenye boksi jipya la aluminiamu. Limenyooka kila pembe. Lina skrubu nne zinazofanana. Hakuna kitu ndani ya nyumba hii chenye skrubu nne zinazofanana. Limekaa juu ya kabati kama mkaguzi, na nikipita mbele yake najikuta naweka kanga sawa.

3. Kifungo. Kile kitufe cha kuongezea ukali kilipotea zamani, na mahali pake mume wangu alibandika kifungo cha koti lake la harusi. Umekiondoa ukaweka kitufe cheusi chenye namba kuanzia sifuri hadi kumi. Sisi hatukuwa na namba. Tulikuwa na "kidogo," "hapo hapo," na "utatuua." Koti lenyewe alizikwa nalo, likiwa limepungukiwa kifungo kimoja, nami siku ile nilijifariji kwamba angalau najua kilipo. Sasa sijui.

4. Waya mpya. Umeongeza na waya mpya mweusi, bila kuombwa. Najua ni ukarimu. Lakini waya wangu wa maua haukuwa na kosa lolote. Umefanya kazi miaka saba bila kukatika. Kwa ushonaji wangu sidai sifa, ila sikutarajia kusahihishwa. Nimeukunja nikauweka kwenye droo ya cherehani, usije ukamwona aliyechukua nafasi yake.

5. Kimya. Hapa ndipo moyo unaponiuma. Tangu siku ile ya keki, pedali ilikuwa inanasa redio. Sisi sote tulijua ni kwa sababu ya ufa. Hata ikizimwa ilivuma chini chini, na ndani ya mvumo huo alikuwemo mtangazaji mmoja mwenye sauti ya kubembeleza. Mume wangu akifanya mazoezi asubuhi, mimi nikiwa kwenye cherehani, mtangazaji husema, "Hamjambo wasikilizaji," na mume wangu humjibu, bila kuacha kupiga, "Hatujambo, karibu, ila viti hakuna." Kila asubuhi. Miaka sita. Mzaha huo uliacha kuchekesha wiki ya kwanza, nami nilikuwa nikimwambia hivyo.

Pedali yenyewe aliitukana kila siku: mbea, nyoka, itakuja kuniaibisha. Na kweli ilimwaibisha. Kuna wimbo wa mapenzi ambao bendi nzima hunyamaza ili mwimbaji apate nafasi ya kulia. Siku hiyo bendi ikanyamaza, mwimbaji akavuta pumzi, na pedali ikatangaza kwamba mechi imeisha sare. Nusu ya ukumbi ilishangilia.

Tangu afariki, kila asubuhi nilikuwa nawasha spika, nachomeka gitaa na pedali na waya kama alivyokuwa akichomeka yeye, kisha naketi kushona. Sijui kupiga gitaa. Nilikuwa nasikiliza mvumo tu, na mtangazaji akisalimu nilikuwa nanyamaza, ili mwenyewe apate nafasi ya kujibu.

Jumatatu nimechomeka kazi yako. Nimewasha. Hakuna mvumo. Hakuna mtangazaji. Nimebaki na sindano mkononi kama mtu aliyefika kwenye kikao siku isiyo yake.

6. Baipasi. Kwenye karatasi yako umeandika: "Boksi jipya. Swichi mpya. Baipasi kamili." Sikulijua neno hilo, nikamuuliza shemeji. Alinieleza kwa kitana: hapa gitaa, hapa pedali, hapa spika. Zamani, hata pedali ikizimwa, sauti ilikuwa inapita tumboni mwake na kupoteza nguvu kidogo. Sasa ikizimwa, sauti inazunguka pembeni na kwenda moja kwa moja. "Ni kama vile haikuwahi kuwepo, shemeji!" aliniambia, na akafurahi.

Ndugu Fundi, nimeshona miaka thelathini. Hata mshono ukiufumua, matundu ya sindano hubaki. Ni nani aliyewaambia mafundi kwamba kitu kikizimwa kisiache alama? Mume wangu hakuwa hivyo. Akilala alikoroma, akisafiri aliacha viatu mlangoni, akinuna nyumba nzima ilijua amenuna chumba gani.

Tena nikitazama vizuri naona mmekwisha anza kuwafunga watu baipasi. Tangu mazishi, kila anayefika kwenye jina la mume wangu anazunguka pembeni. Bendi wanasema "yule wa mwanzo." Jirani anasema "lile jambo." Shemeji mwenyewe, aliyelala kitanda kimoja na kaka yake utoto mzima, hajalitamka jina la Kisigino kwa miezi kumi na moja. Akilikaribia anakohoa, kisha anauliza kama kuna chai. Nimekwisha mpikia chai nyingi sana kwa ajili hiyo. Ni kazi safi, haina mvumo hata kidogo, na ningependa kujua fundi aliyeifanya ni nani kama si wewe.

7. Maombi yangu. Naomba uirudishie pedali maradhi yake yote. Ufa uwe upande wa kushoto, urefu wa kidole gumba. Kama boksi la zamani umekwisha kulitupa, livunje hili jipya. Njia ni rahisi, unahitaji jukwaa, harusi na keki. Baipasi iondolewe, kamili na isiyo kamili. Kifungo kitafutwe, hata ikibidi ufagie chini ya meza yako, ambako shemeji anasema hapajafagiwa tangu enzi za televisheni za rangi mbili. Na ukisema kwamba fundi hawezi kutengeneza ubovu, nitakukumbusha kwamba mafundi wengi wanautengeneza kila siku, tena bila kuombwa.

Ukishindwa, nitaandika kwa chama chenu. Chama kikishindwa, nitaiomba serikali ipige marufuku kutengenezwa kwa kitu chochote cha marehemu mpaka mjane awe ameulizwa mara tatu, na mara ya tatu awe ameshiba. Milango yake isipakwe mafuta. Saa yake iendelee kuchelewa. Na atakayekutwa akinyoosha mguu wa kiti alichozoea kukalia mtu aliyefariki, ashtakiwe kwa kuharibu.

Niishie hapo, kuna suruali ya mtu inaningoja. Nisalimie mkeo na wanao, wasalimie majirani zako wa ghorofa ya kwanza ambao sikupata majina yao, na yule paka anayelala juu ya spika zilizokufa. Shemeji anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nimeandika.

Wako katika kudai ubovu,

Mjane wa Kisigino,
Fundi cherehani.

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha, shemeji akaingia kufanya mazoezi. Waya wako mweusi nilikuwa nimeufunga kwenye gazeti ili nikurudishie pamoja na barua, kwa hiyo nikampa ule wangu wa maua. Akachomeka. Kabla hajagusa uzi hata mmoja wa gitaa, spika ikavuma.

Akaizima pedali. Ikavuma. Akaichomoa kabisa, akaunganisha gitaa na spika kwa waya wa maua peke yake. Ikavuma vile vile. Ndipo akafumua mishono yangu kidogo, akachungulia. Inasemekana waya wa gitaa una wavu wa nje unaozuia takataka za hewani zisiingie, na mimi siku ile, ili kitambaa kikae vizuri, niliupunguza wavu huo ukabaki kiuzi kimoja. Kwa hiyo redio ilikuwa mimi. Miaka sita mume wangu alimtukana asiye na kosa, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo nashona, nakubaliana naye.

Akairudisha pedali yako mahali pake, ikiwa imezimwa. Baipasi yako haipunguzi kitu, Ndugu Fundi. Mtangazaji amesikika kama aliyeketi kwenye kiti changu. Akasema, "Hamjambo wasikilizaji." Nikanyamaza, kama ninavyonyamaza siku zote. Shemeji akakohoa. Nikainuka kwenda kubandika chai. Kisha nikamsikia nyuma yangu: "Hatujambo, karibu, ila viti hakuna." Halafu akasema, "Shemeji, Kisigino angejua ni wewe, leo usingelala humu." Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Shemeji akamjibu kwamba ni Kisigino anacheka.

Kwa hiyo futa namba 1, 2, 5, 6 na 7. Usiguse kitu. Namba 3 inabaki pale pale: tafadhali fagia. Waya wako mweusi nakurudishia, ni mzuri mno kwa nyumba hii. Shemeji ameanza kusema kwamba kesho atakuletea ule wa maua uutengeneze. Akitokea kinyozi yeyote mlangoni pako ameshika waya uliovikwa gauni, mfukuze.