Ndoo Namba 117 na Kiti Namba 118

Wananchi wote wa mji wa Vaubrenne wanatangaziwa kwa heshima kubwa kwamba, kuanzia tarehe tatu Septemba saa nne kamili asubuhi, kila kitu kilichomo ndani ya Kanisa la Mtakatifu Verain ni urithi wa taifa, na hakiguswi.

Tangazo hilo nililiandika mimi, karani wa ofisi ya meya, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Kanisa letu lilianzishwa na watawa mwaka 1140. Katikati ya kazi waliishiwa mawe, kisha wakaishiwa subira, ndiyo maana upande wa mashariki umepinda kidogo kushoto kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mnara uliungua mara mbili. Wakati wa Mapinduzi ya 1789 kanisa lilifanywa ghala la nyasi kavu, na wazee husema halijawahi kujaa vile tena. Yote hayo liliyastahimili bila kamati.

Mwaka huu likapata kamati. Mwenyekiti alikuwa Meya wetu, Mheshimiwa Aurélien Castagnet, na kutoka wizarani akaletwa mkaguzi, Bwana Lestienne, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu. Utaratibu ulikuwa wazi. Kengele ya saa nne ikilia, kilichomo kinaandikwa, na kilichoandikwa hakisogezwi. Kisichoandikwa si cha kanisa, nacho kiondolewe.

Kwa ajili ya picha ya gazeti, Meya alikuwa ameagiza kiti chake cha mahameli nyekundu kiletwe kutoka ukumbi wa baraza na kuwekwa katikati ya kanisa, mbele ya madhabahu. Kengele ilimkuta amekikalia.

"Hiki nacho ni cha hapa?" mkaguzi akauliza.

"Kipo au hakipo?" Meya akamjibu.

"Kipo."

"Basi andika. Na uandike kwamba Meya hukikalia katika ibada zote za kitaifa. Kitu cha urithi kisicho na kazi ni fanicha tu."

Kikawa namba 118. Namba 117, iliyotangulia, ilikuwa ndoo ya bati, pamoja na maji yake.

"Bwana, hiyo ndoo ni yangu," alisema Bibi Solange Trouillard, ambaye ameshika ufunguo wa kanisa kwa miaka arobaini na mmoja. "Niliinunua sokoni. Paa linavuja, maji yanaangukia humo, nayamwaga kila asubuhi."

"Ulikuwa unayamwaga," mkaguzi akamsahihisha.

Ndoo hiyo ilikaa chini ya mchoro wa ukutani wa Mtakatifu Verain, uliochorwa mwaka 1280 na mtu ambaye hakuacha jina. Mtakatifu amesimama juu ya joka, anakutazama kama shangazi aliyeambiwa hujala tangu jana. Bibi Solange hana mume wala mtoto. Ana uso ule.

Aliomba mambo mawili kwa barua: ndoo imwagwe, paa lizibwe. Jibu nililipiga chapa mwenyewe. Lilisema kwamba maji ni sehemu ya namba 117, na kwamba kuziba paa kungeinyima namba 117 maji yake, jambo ambalo ni uharibifu wa urithi. Sikukosea hata herufi moja, na hilo silifurahii.

Oktoba mvua ilinyesha. Ndoo ikajaa, ikafurika, na unyevu ukaanza kupanda ukutani. Kila asubuhi Bibi Solange alipita dirishani kwangu kutoa taarifa.

"Joka limekwenda."

Siku ya pili: "Viatu."

Wiki iliyofuata: "Leo yuko magotini, mwanangu. Rangi inamenyuka kama ganda la kitunguu."

Nilimpelekea Meya habari hizo. Alisema mtakatifu anaonyesha uvumilivu wa kuigwa.

Mwisho wa mwezi unyevu ulifika kwenye mshipi. Bibi Solange akaja, lakini safari hii hakutoa taarifa. Aliomba kusomewa utaratibu wa kamati upya, polepole.

"Hapo," akasema. "Kisichoandikwa?"

"Kiondolewe."

"Hata tambara?"

"Tambara gani, Bibi?"

"Langu. Liko juu ya matao, chini ya paa. Nimelibana kati ya mawe miaka mingi, linaongoza maji yaende kwenye ndoo. Yule bwana hakulihesabu. Alizitazama ngazi akasema juu hakuna kitu."

"Likiondolewa, maji yatakwenda wapi?"

Bibi Solange alifunga vizuri vifungo vya koti lake. "Mimi nitajuaje? Watawa ndio waliojenga. Nipe fomu niweke sahihi, wasije wakasema nimekaidi."

Nikampa fomu. Siku hiyohiyo alipanda ngazi tisini na mbili, akateremka na tambara, akanionyesha kwamba ametii.

Tarehe kumi na moja Novemba ilikuwa ibada ya kuwakumbuka wana wa mji waliokufa vitani. Mvua haikukatika tangu alfajiri. Alikuja mkuu wa mkoa, na Bwana Lestienne pia. Meya, akiwa amevaa mshipi wake wa umeya wenye rangi tatu za taifa, alikaa kwenye namba 118.

Sasa, mbavu za mawe za dari letu zote hukutana juu kwenye jiwe moja linalofunga matao. Maji yaliyokosa tambara yalifuata ubavu mmoja mpaka kwenye jiwe hilo, yakatafakari, yakaanguka. Chini yake kulikuwa na upara wa Mheshimiwa Castagnet.

"Sogeza kiti," akanong'ona.

"Kiti namba 118 hakisogezwi," akanong'ona mkaguzi.

"Basi mwavuli."

"Mwavuli hubadili mandhari ya jengo. Maombi hujibiwa baada ya miezi miwili."

"Basi nasimama."

"Meya hukikalia katika ibada zote za kitaifa. Ni maneno yako, Mheshimiwa."

Akakaa. Yalisomwa majina sitini na saba, na kila jina lilipata tone lake. Maji yalimtiririka mashavuni hadi kidevuni. Mkuu wa mkoa alimtazama, akatoa leso, na ibada ilipokwisha akamshika mikono yote miwili.

"Sijawahi kuona kiongozi analia hivi kwa ajili ya askari," alisema. "Mwezi Mei, kwenye ibada ijayo, nitaleta watu wa televisheni. Ukae palepale."

Meya alifika ofisini kesho yake kabla yangu. Niliandika alichosema: kwamba orodha ilikosewa, kwamba ndoo ni ndoo na kiti ni kiti, na kwamba tone la maji halijawahi kuwa urithi wa mtu yeyote. Aliweka sahihi huku akipiga chafya.

Mafundi walikuja Jumatatu. Vilihitajika vigae vitatu. Kazi ilichukua nusu siku, pamoja na chakula cha mchana.

Bibi Solange ameimwaga ndoo yake na sasa anapigia deki. Mtakatifu Verain amebaki kuanzia mshipi kwenda juu, mkavu, na bado anauliza kama umekula.

Kiti kilirudishwa ukumbi wa baraza. Mahameli ikishalowa vile haikauki upesi, na kiti kipya hakinunuliwi bila kamati. Kila Alhamisi kikao kinapofungwa, Meya husimama na kuwapa wananchi mgongo, na suruali iliyolowa, ili atoke. Wakati huo madiwani wote hutazama dari, kwa heshima.