Ombi la Kumhamisha Bibi Kutoka Kundi la Mashine

Kwa Mwalimu wa Maktaba, mpangaji wa tovuti ya shule.

Shikamoo, Mwalimu. Ningekueleza ana kwa ana, lakini nikifika mlangoni kwako hugeuka na kurudi mezani.

Mwezi uliopita ulipandisha mtandaoni insha yangu kuhusu bibi yangu mzaa baba anavyokoroma akilala mchana. Naheshimu utaratibu wako kwamba kila insha ikae kundi moja tu, ili wasomaji wasipotee. Hata hivyo, Bibi umemweka chini ya “Mashine na Mitambo”. Nadhani ulisoma sentensi ya kwanza peke yake: “Huanza kwa kukohoa mara mbili, kisha hunguruma mfululizo.” Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wa jenereta amefuata ushauri wa aya ya tatu, ule wa kumtuliza Bibi akikoroma. Ameilaza jenereta ya mteja ubavu wa kushoto na kuiondolea mto (alianza kwa kuiwekea, ili apate wa kuondoa). Anashukuru kwamba sasa haitoi sauti kabisa. Sijathubutu kumuuliza kama inatoa umeme.

2. Wasomaji waliuliza Bibi anatumia mafuta gani. Nilijibu kwa uaminifu kwamba ni ya nazi, magotini tu. Sasa mwenye kinu cha kusaga analalamika kwamba unga wake unanukia.

3. Shangazi huamini chochote chenye kichwa cha habari. Jumapili alikuja na turubai akamfunika Bibi pale kochini, asiingiwe na vumbi.

4. Baba alitaka kuwaonyesha wageni habari za mama yake. Akafungua kundi la “Watu”, akatafuta, hakumkuta. Hapo ndipo panaponiuma, Mwalimu. Bibi ndiye aliyenifundisha kusoma, na ukimtafuta miongoni mwa watu, hayupo.

Ikiwa kunguruma kunatosha, basi Mwalimu Mkuu naye ahamishwe. La sivyo, naomba Bibi arudishwe kwa watu kabla ya Ijumaa.

Wasalimie walimu wote, na yule mama anayefuta vumbi rafuni.

Ni mimi mwanafunzi wako, wa meza ya kamusi.

Baada ya kusaini: Bibi ameisoma barua hii na anasema asihamishwe. Kwenye “Watu” kuna mabibi mia mbili na hakuna anayeulizwa kitu. Kwenye “Mashine” ana maswali sitini na mbili. Jana alimwelekeza fundi wa pampu kwa simu, na maji yakatoka. Leo wamekuja nyumbani mafundi wengine tisa. Baba yuko mlangoni, anawapanga foleni na kumwambia kila mmoja kwamba huyu ni mama yake.